Umri wa Kisima cha Saba

1

Siwema Likindo alihesabu mara ya tatu, ingawa alijua kwamba hesabu haibadiliki kwa kuonewa huruma. Kumi na moja. Katika sahani nyeusi chini ya hadubini, katikati ya mamia ya visukuku vyeupe, vigamba vilivyogeuka jiwe, vidogo kuliko chembe ya chumvi, kumi na moja vilikuwa vya bluu.

"Haiwezekani," aliiambia hadubini.

Hadubini ilikuwa na umri wa miaka sitini na ilikuwa imeshaambiwa mengi. Ilinyamaza.

Hakuna aliyemtuma kuitazama sahani ile. Tangu alipoletwa Karani, hakuna aliyekuwa akitumwa kutazama chochote. Karani alikuwa mtambo ulioujaza ukuta mzima wa chumba cha tatu. Alivipiga mionzi visukuku elfu thelathini kwa pumzi moja, akakitaja kila kimoja kwa jina, akautaja umri wa mwamba vilimotoka, kisha akagonga muhuri. Bahari ilipoimeza Lindi ya zamani, watu walirundikana juu ya uwanda wa Namtanda wakiwa na hati za uongo za ardhi na vipimo vya uongo vya visima, na baada ya miaka ishirini ya kesi ikatungwa sheria kwamba jicho la binadamu lisitoe tena umri wala kipimo cha kitu kilichomo ardhini. Binadamu aliachiwa mikono tu: kuvunja mwamba, kuuloweka, kuuosha juu ya chekeche, kuukausha, kumlisha Karani. Na kwa kuwa mikono nayo hudanganya, kila sampuli ilikuwa na hati ya mikono, iliyosainiwa kwa pete ya leseni ya muoshaji.

Lakini Siwema alipenda kutazama. Alikuwa na miaka ishirini na minne, huu ukiwa mwaka wake wa pili tangu atoke chuoni, na kila saa ya chakula wenzake walipokwenda kula yeye alizitoa sahani ambazo Karani alishamaliza nazo, akazitazama kama mtu anavyotazama picha za ukoo wake. Vigamba vile viliwahi kuwa hai. Vilielea baharini, vikafa, vikashuka kimya hadi kwenye tope la chini kabisa, na tope likawa jiwe. Aina zilikuja na aina zilitoweka, kila moja kwa zamu yake, na anayezijua zamu hizo hawezi kudanganywa na jiwe kuhusu umri wake.

Aina moja watu wa maabara waliiita Mwiba, kwa sababu kila chumba cha kigamba chake kilitoa mwiba mmoja mrefu. Mwiba ulitoweka katika bahari zote za dunia miaka milioni thelathini na nne iliyopita. Tope lililotua baada ya hapo halikuzika Miiba tena. Visima sita vya kwanza vilivyochorongwa Namtanda vilikuwa na Miiba tele katika udongo wao wa mfinyanzi. Kwenye kisima cha saba Karani alikuta Miiba kumi na moja, akaona inatosha, akagonga muhuri: mfinyanzi ni ule ule, kifuniko kinachoziba ardhi ya chini ni kimoja.

Na Miiba yote kumi na moja ilikuwa ya bluu.

Katika kazi yao, bluu ilikuwa na maana moja tu. Chekeche likishaoshwa huchovywa kwenye dawa ya bluu. Kama kuna kigamba kilichonasa kwenye matundu yake, dawa inakipaka rangi, na kikija kudondokea kwenye sampuli inayofuata kinajulikana papo hapo kuwa ni mgeni. Ulikuwa utaratibu wa zamani. Karani hakuona rangi, alisoma maumbo peke yake, na uongozi ulikuwa umeandika barua mbili kuagiza dawa ile iachwe. Bi Mwajabu Nandonde, mkuu wa waoshaji, alizifungia karanga barua zote mbili.

Kwa hiyo Miiba ya kisima cha saba ilikuwa ya kisima cha sita, ambacho sampuli yake ilitangulia kuoshwa. Ukiitoa, mfinyanzi uliotoka mita mia nne na kumi na mbili haukuwa na Mwiba hata mmoja. Ulikuwa wa umri mdogo kuliko mwenzake. Na udongo wa umri mdogo ukikutwa kwenye kina cha udongo mkongwe, maana yake ardhi ya upande ule iliwahi kuteleza ikashuka. Kati ya kisima cha sita na cha saba kulikuwa na ufa.

Juu ya ufa huo kulikuwa na bonde la Mtepwe, lenye watu elfu moja na mia tisa. Na kesho saa sita mchana pampu zingeanza kuisukuma hewa ukaa ya mitambo ya umeme chini ya mfinyanzi huo, ikae humo milele, chini ya kifuniko ambacho Karani alithibitisha kuwa hakina ufa.

Hewa ukaa haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayoivuta. Ikipata pa kutokea hairuki kwenda mbinguni. Hutambaa, hushuka, hujaa bondeni kama maji kwenye bakuli, na waliomo hukosa pumzi.

Siwema aliigeuza sahani kusoma tarehe ya kuoshwa. Tarehe kumi na nne.

Hapo ndipo alipokaa chini. Tarehe kumi na nne Bi Mwajabu hakuosha kitu. Aliyeosha chekeche siku hiyo alikuwa Siwema mwenyewe.

2

"Mtani!" Mhandisi Tawete alifungua mikono yake mizito alipomwona mlangoni. "Umekuja kunizika? Subiri basi nife."

Tawete alikuwa Mngoni na Siwema Mngindo, na tangu siku ya kwanza kazini mkuu huyu wa mradi alikuwa amemfanyia utani wa jadi bila kupumzika. Siwema aliupenda. Ndio uliomfanya asiogope ofisi kubwa. Leo alisimama katikati ya zulia akiwa ameishika sahani kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi utani unavyoweza kuwa ukuta.

"Mhandisi, kisima cha saba kina kasoro. Tafadhali usiruhusu pampu kesho."

"Wangindo! Babu zangu waliwakuta mmelala, wakawateka. Na leo mmelala tena, mnaota visima."

"Mhandisi, si utani."

"Mtani akisema si utani, huo ndio utani wenyewe." Alicheka mpaka kiti kikalia. "Haya, leta hicho kisosi."

Siwema alieleza. Alieleza Mwiba, alieleza bluu, alichora ufa kwa kidole juu ya meza. Tawete alisikiliza kwa ustaarabu wa mtu anayesikiliza wimbo wa lugha asiyoijua. Kisha akageukia ukuta ambako sauti ya Karani ilitokea.

"Karani, kisima cha saba, mita mia nne na kumi na mbili."

"Umri ni zaidi ya miaka milioni thelathini na nne," alisema Karani. "Muhuri umegongwa. Mikono: Mwajabu Nandonde, leseni ya daraja la kwanza, miaka kumi na tisa bila dosari."

"Uliona kwamba Miiba ni ya bluu?" aliuliza Siwema.

"Sioni rangi. Sampuli ina Miiba kumi na moja."

"Ni ya kisima cha sita! Ilinasa kwenye chekeche!"

"Bi Mwajabu Nandonde hajawahi kuacha kitu kwenye chekeche. Mikono yako haimo kwenye hati hii, Bi Siwema. Asiye na mikono hana pingamizi."

"Basi soma tena. Kipande cha akiba kipo ghalani. Kioshwe upya, usome tena, nusu saa tu!"

"Jambo lenye muhuri halisomwi tena bila tamko la mikono iliyoligusa."

Siwema alihisi machozi ya hasira yakimchoma, na akachukia kwamba yalikuja mbele ya mtu ambaye angeyageuza kichekesho. Lakini Tawete hakucheka. Alishusha sauti.

"Sikiliza, binti. Kule Mtepwe wameshafunga mapambo. Kisima kikifunguliwa kesho, mitambo ya umeme inapata pa kutupia hewa yake, na zahanati yao inapata umeme wa usiku na mchana. Kuna akina mama kule wamejifungulia kwenye mwanga wa simu kwa miaka mitatu. Unataka niwaambie nini? Kwamba msichana wa maabara ameona rangi?"

"Waambie wasubiri wiki moja."

"Wameshasubiri." Kisha akarudi kwenye utani wake, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya kuchungulia mvua. "Nenda kale, mtani. Wangindo mkikaa na njaa mnaona maruweruwe."

3

Chumba cha kuoshea kilinuka tope na sabuni. Bi Mwajabu alikuwa ameinama juu ya beseni, kanga kiunoni, analigeuza chekeche kifudifudi na kulipiga mgongoni kwa kiganja huku maji yakipita kutoka nyuma.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba. Umekonda tangu asubuhi? Au ni huyo Mngoni amekufyonza?" Alimtazama vizuri, akaacha kupiga. "Una nini, mwanangu?"

Siwema alikuwa akitazama mikono yake. Mgongoni. Chekeche linaoshwa kutoka mgongoni, ili maji yakisukume nje kile kilichonasa. Yeye siku ile aliliosha usoni tu, mara tatu, kwa bidii zote, akiamini kwamba bidii inatosha. Alikuwa ameona Bi Mwajabu akifanya hivi mamia ya mara, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Tarehe kumi na nne," alisema.

Uso wa Bi Mwajabu ulijifunga taratibu. Ilikuwa siku aliyomzika mdogo wake, Fikirini. Waoshaji walipewa ruhusa ya msiba wa mzazi, mwenza au mtoto. Ndugu wa tumbo moja hakuwamo kwenye orodha. Aliomba, akanyimwa. Alikuja kazini saa moja asubuhi, akasimama mbele ya beseni bila kufungua maji, na ni Siwema aliyemwambia: Nenda, mama. Nenda ukamzike. Nipe pete, nitaosha mimi. Nani atajua?

Bi Mwajabu aliivua pete, akamfumba nayo kiganja. Jioni aliporudi, macho yamevimba, alimbusu paji la uso.

Sasa Siwema alimweleza yote. Alipomaliza, maji yalikuwa yamejaa beseni na kumwagikia miguuni mwao, na hakuna aliyeyafunga.

"Una hakika?"

"Tazama mwenyewe."

Bi Mwajabu hakutazama. Alifunga bomba. "Mimi nikisema nilikuazima pete, leseni inakwenda. Leseni ikienda, na kibali cha kukaa huku juu kinakwenda. Unajua nyumba yangu ina watu wangapi? Saba. Na sasa watoto wawili wa Fikirini. Tisa. Wanatupeleka wapi? Huko huko Mtepwe."

"Najua."

"Hujui! Wewe ni msomi, watakukemea, utapata pengine." Sauti yake ilikatika. "Ulinisaidia nimzike mdogo wangu, leo unakuja kumfukua."

"Bi Mwajabu, kuna watu elfu moja na mia tisa."

"Siwajui! Na wao hawanijui. Fikirini alipokuwa anakufa, walikuja? Nilinyimwa siku moja, Siwema. Siku moja! Waliopanga hiyo orodha yao ya misiba ndio wakatangaze hicho kisima."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaufunika uso kwa kanga. Siwema alisimama, hajui pa kuweka mikono yake. Alikuwa amesoma maadili ya sayansi muhula mzima na kupata alama ya juu, na hakuna mahali palipoandikwa mtu afanye nini akiwa amesimama kwenye maji ya sabuni mbele ya mwanamke anayelia kwa sababu yake.

Baada ya muda Bi Mwajabu alijifuta. Alipozungumza alikuwa mtulivu, na utulivu huo ulikuwa mgumu kuuangalia kuliko kilio.

"Sema uliiba."

"Nini?"

"Pete. Sema niliisahau kwenye kulabu, ukaichukua. Mimi nitasema niliitafuta siku nzima nikaona aibu kutoa taarifa. Hapo mikono ni yako, tamko ni lako, kisima kinafungwa, na mimi nabaki na nyumba yangu." Alimshika mkono. "Watakufunga kidogo, pengine. Au watakufukuza. Utaweza?"

Siwema hakuhitaji kufikiri. Kitu kama furaha kilimpanda kifuani. Hatimaye kulikuwa na njia ambayo maumivu yake yote yangempata yeye peke yake.

"Nitaweza," alisema. "Nakuapia, mama. Sitakutaja."

4

Kesho yake saa tatu asubuhi alisimama mbele ya Karani. Mhandisi Tawete alikuwepo kwa mujibu wa sheria, amevaa suti ya sherehe ya Mtepwe, ua la karatasi kwenye mfuko wa koti. Bi Mwajabu alikuwa ameketi benchi la nyuma, mikono mapajani.

"Weka mikono kwenye kioo," alisema Karani.

Siwema aliiweka. Kioo kilikuwa cha uvuguvugu, kama ubao wa darasa uliopigwa na jua.

"Unatamka nini?"

"Sampuli ya kisima cha saba, mita mia nne na kumi na mbili, niliiosha mimi. Bi Mwajabu Nandonde hakuigusa. Sikuliosha chekeche mgongoni, na visukuku vya kisima cha sita viliingia."

Tawete aligeuka ghafla kumtazama.

"Hati ilisainiwa kwa pete ya Mwajabu Nandonde," alisema Karani. "Uliitumia wewe?"

"Ndiyo."

"Uliipataje? Uliiba, au ulipewa?"

Alikuwa amelifanyia mazoezi jibu hilo tangu alfajiri, akipiga mswaki, akifunga viatu. Neno moja. Alifungua kinywa.

"Kabla hujajibu," aliendelea Karani kwa upole ule ule, "sheria inanitaka nikueleze matokeo. Ikiwa ulipewa, hati ya mikono imevunjika, na muhuri wake unavunjika nayo. Ikiwa uliiba, shauri linakwenda kwa baraza, na muhuri unabaki hadi baraza likae. Neno la mwizi wa pete halivunji muhuri."

Siwema alifunga kinywa.

"Baraza linakaa lini?"

"Tarehe mosi."

"Leo ni tarehe ishirini na mbili! Pampu zinaanza saa sita!"

"Ndiyo."

"Lakini mimi ndiye niliyeosha! Nimekwambia! Inabadilisha nini kama niliiba au sikuiba? Udongo ni ule ule! Ufa uko pale pale, haujali nani alikuwa na pete!"

"Sheria ilitungwa baada ya wezi kuvunja mihuri arobaini ya visima halali," alisema Karani. "Nasubiri jibu."

Na ilikuwa kweli, hilo ndilo lililomkera zaidi. Alijua historia ile, aliifanyia mtihani. Sheria haikuwa ya kipumbavu. Watu waliitunga ili kuwalinda watu kama wa Mtepwe, na sasa ilikuwa imewakalia kooni.

Alimgeukia Tawete. "Mhandisi, simamisha wewe. Una mamlaka."

"Sina." Ua la karatasi lilitikisika alipopumua. "Yangekuwepo ningeyatumia sasa hivi. Pampu zinamsikiliza yeye."

Alimgeukia Bi Mwajabu. Alimtazama tu, na macho yake yaliomba. Simama. Sema wewe mwenyewe. Usiniache niseme mimi. Bi Mwajabu alimrudishia macho yale bila kupepesa. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto kugusa moto.

Siwema alifikiria watoto wawili wa Fikirini ambao hakuwahi kuwaona. Alifikiria Mtepwe, ambako pia hakuwa amewahi kumjua mtu. Alijaribu kuwapima na akaona aibu kwa kuwapima, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na uso na kanga na busu la paji, na upande wa pili ulikuwa na namba tu. Na uso ulikuwa mzito kuliko namba, ingawa haukupaswa. Alitaka mtu amwambie kwamba ametumia upendo vibaya siku ile ya tarehe kumi na nne. Au kwamba aliutumia vizuri, na ni dunia iliyokosea. Angekubali lolote kati ya hayo mawili.

"Nasubiri jibu," alisema Karani.

"Nilipewa," alisema Siwema.

Nyuma yake benchi lililia. Hakugeuka.

"Nilipewa na Bi Mwajabu Nandonde, kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba anipe. Alikuwa anakwenda kumzika ndugu yake. Andika na hilo."

"Hati haina nafasi ya sababu," alisema Karani. "Muhuri umevunjika."

Kipande cha akiba kilitolewa ghalani, kikaoshwa na muoshaji wa zamu nyingine kwa chekeche jipya ambalo halijawahi kuguswa na tope. Saa tano na dakika kumi Karani alikisoma. Vigamba elfu ishirini na nane, majina ya aina sitini na tatu. Mwiba, hapana hata mmoja. Umri, chini ya miaka milioni thelathini na nne. Kifuniko cha kisima cha saba si kifuniko cha kisima cha sita.

Tawete alilivua ua mfukoni na kulitazama, hajui pa kuliweka.

"Una akili, binti," alisema. Hakumwita mtani. "Mungu atusaidie na akili zako."

5

Wachorongaji waliuthibitisha ufa baada ya siku tano, na baada ya siku kumi uamuzi ulitoka. Siwema alipigwa marufuku kugusa sampuli yoyote kwa miaka sita. Bi Mwajabu alinyang'anywa leseni na kibali cha uwandani. Aliandika barua ya rufaa, Siwema naye akaandika yake, kurasa nne, kuhusu orodha ya misiba. Zilijibiwa kwa mstari mmoja, ule ule kwa zote mbili.

Siku ya kuhama Siwema alifika asubuhi na mapema. Hakualikwa. Lori lilikuwa limeshapakiwa masufuria, vitanda vilivyokunjwa, kuku kwenye tenga. Watoto wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia. Mkubwa alikuwa na paji pana kama la Bi Mwajabu, na Siwema alijua ni wa Fikirini.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

Bi Mwajabu alikuwa akifunga kamba. Hakuitikia. Siwema alingoja kidogo, kisha akaliona godoro moja lililobaki ukutani, lisilo na nafasi garini. Akalibeba kichwani. Lori lilipoanza kushuka polepole kwa sababu ya makorongo, alilifuata kwa miguu, na hakuna aliyemwambia arudi.

Mtepwe ilikuwa na mapambo bado. Nyuzi za karatasi za rangi zilikuwa zimeloa mvua na kuning'inia juu ya mlango wa zahanati yenye giza. Wanawake walitoka kuwapokea wageni, wakasaidia kushusha masufuria, wakawapa pole kama watu wanavyopeana pole popote. Mmoja wao, mrefu, mjamzito wa kama miezi minane, alichukua kuku.

"Nyie ndio mnaotoka uwandani? Basi mnamjua huyo msichana."

"Msichana gani?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Si huyo wa maabara! Aliyetufungia kisima. Eti kaona kitu kwenye vumbi. Umeme ulikuwa umefika, mama, waya huu hapa, uguse kama unataka. Saa sita kasoro, wakauzima." Mwanamke alijishika mgongo. "Mimi nitajifungulia gizani kama mbuzi. Nikimpata, wallahi, nitampeleka leba akanishikie mshumaa."

Wengine walicheka, lakini si sana. Mzee mmoja alisema msichana huyo alihongwa na visima vya kaskazini. Mwingine akasema alikuwa na kichaa, kwao kote wana kichaa, Wangindo.

"Yupo vipi?" mwanamke mjamzito aliuliza. "Hebu tuambie. Mlifanya naye kazi?"

Siwema alisimama nyuma yao, godoro kichwani, shingo inamuuma. Alitamani kulitupa chini na kuwaeleza yote: ufa, Mwiba, hewa inayotambaa usiku huku watoto wamelala. Alikuwa na maneno. Alikuwa nayo mengi mno. Lakini Bi Mwajabu aligeuka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tano alimtazama usoni.

Alimtazama kwa muda mrefu hata mwanamke mwenye kuku akaanza kufuata macho yake.

"Simjui," alisema Bi Mwajabu. "Mimi nilikuwa muoshaji tu. Wasomi walikuwa na chumba chao." Kisha akapaza sauti, kali, kama mtu anayemfokea kibarua. "Na wewe, weka godoro hapo ukutani uende zako. Umeshafanya ya kutosha."

Siwema aliliweka. Alitaka kusema asante, na alijua asingeruhusiwa. Alitaka kusema samahani, na alijua isingetosha. Alijifuta jasho kwa kiganja, akashika njia ya kupanda.

Alipofika kwenye kona ya kwanza bado aliwasikia. Walikuwa wakiendelea kumlaani msichana wasiyemjua, mmoja akidakia mwenzake, wakipandishiana sauti, wakicheka, wakivuta pumzi ndefu ili wapate kumlaani zaidi.